Godoro la Fifi

Habari zimenifikia kutoka Shinyanga: fundi magodoro wetu ameaga dunia, na amezikwa kwa heshima ambayo wenye maduka makubwa wangeitamani. Msomaji wangu, leo sitalia. Mtu yule alishinda, nami nitamsimulia kama mshindi.

Vita vilipokwisha, serikali iliamuru pamba safi yote iuzwe nje ili ipate fedha za kigeni. Karakana yake, iliyolisha familia za washonaji wake wote, ikaachiwa fifi, ile pamba ya daraja la pili yenye madoa na takataka. Tena kila godoro lishonwe neno FIFI, mnunuzi asidanganywe. Watu wakasema karakana imekwisha. Hata mkaguzi alimwonea huruma, akamshauri alama aifiche chini, karibu na pindo. Yeye akaishona juu, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa kama kiganja. "Bwana, sheria inataka ionekane," alisema. "Basi na ionekane!" Akaacha mito na matakia, akabaki na godoro tu. Fifi ikachambuliwa na kupigwa hadi ikalainika, na kwa kuwa kila mkono ulirudia kazi ileile, karakana ikatoa magodoro mengi kuliko zamani.

Wakati huo nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wachimba dhahabu huko Geita, na magodoro ya kambi niliyanunua kwake. Wachimbaji walitoka kila pembe ya nchi, na lugha ya pamba hawakuijua. Wakadhani Fifi ni jina la mwenye karakana! Siku alipotutembelea, mmoja alimkimbilia. "Shikamoo, Mzee Fifi! Mgongo wangu unakushukuru."

"Marahaba, baba. Wabeja sana," akashukuru naye kwa Kisukuma, bila kupepesa macho. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Baadaye amri ililegezwa, na mfanyabiashara mwingine akaniletea magodoro ya pamba safi. Wachimbaji wakayageuza huku na huku. "Bwana Stoo, umepigwa," wakaniambia. "Haya hayana Fifi." Ikabidi niyarudishe, na nakiri nilifurahi.

Mchagua jembe si mkulima. Kila amri mpya ya viwanda ikitoka, nasikia wenye karakana wakinung'unika, na mara nyingi wana haki, maana si kila amri ina akili. Lakini amri humpangia fundi pamba ya kujazia tu. Namna ya kuipiga ni juu yake mwenyewe. Fundi wetu aliipiga vizuri, akaweka jina lake juu mahali pa kuonekana.