Kosa Alilolibeba Bibi Yangu

Mpaka leo, nikipita mahali ukindu unapochemshwa, miguu yangu husimama yenyewe. Ni harufu ya majani mabichi yanayoiva pamoja na manjano na mizizi, tamu kidogo, chungu kidogo, na hushika nguo hata baada ya kufuliwa. Wenzangu walikuwa na mabibi walionukia udi na asumini. Bibi yangu mzaa mama alinukia mkeka.

Jina lake lilikuwa Mwanaisha. Tulikaa wawili tu, Bagamoyo, katika nyumba ya udongo na makuti iliyokuwa upande wa mji wanakoingilia watu wa misafara ya bara. Kutwa alikaa barazani akichana ukindu kwa ukucha wa kidole gumba na kusuka mikeka, mikono ikifanya kazi bila kutazamwa, macho yako njiani. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama ilivyo desturi ya mabibi na wajukuu wao wa kike, akinilalamikia kwamba nimemnyang'anya mume. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, kwa hiyo tuligombania mtu aliyekwisha lala kaburini, lakini ugomvi wenyewe tuliupenda.

Mama yangu, Zainabu, ndiye pekee aliyesalia kati ya watoto watano aliowazaa Bibi. Nilipokuwa na umri wa miaka minne hivi, baba alipata nguo na shanga za kwenda kuuza Unyanyembe, mbali bara, na mama akafuatana naye. Njia ilikuwa ya miezi, na watoto wadogo walizikwa wengi njiani, hivyo mimi nikaachwa. Ninachokumbuka cha siku ile ni mkono wa mama umenishika kidevu.

"Nitarudi kabla hujang'oka meno," akasema.

Nadhani alisema vile kunituliza tu. Mimi niliyashika maneno yake kama yalivyo. Meno ya mbele yalipoanza kulegea nilikataa muwa, nikakataa mahindi ya kuchoma, nikawa nakunywa uji na kuzungumza nimefumba mdomo. Bibi alipogundua sababu alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Jino lilitoka hata hivyo, ndani ya bakuli la uji. Watoto wengine walirusha meno yao juu ya paa. Langu Bibi alilifukia nyuma ya nyumba, akaniambia, "Hili hatulihesabu." Hatukuyahesabu na yaliyofuata.

Kila msafara kutoka bara ulisikika kabla haujaonekana: ngoma, pembe, na nyimbo za wapagazi waliokuwa wameshanusa bahari. Bibi alijitanda kaniki yake, akanishika mkono, tukasimama kando ya njia. Alimuuliza kila aliyeonekana kuwa na subira, "Baba, mmetokea Unyanyembe? Hamkumwona mwanamke mrefu, mweusi wa kupendeza, ana kidoti shavu la kushoto?" Wengi walipita bila kujibu, maana mtu mwenye pembe ya ndovu begani hana nafasi ya vidoti. Wengine walisema ndiyo kwa kumhurumia. Tulirudi nyumbani polepole, na Bibi alikuwa na msemo wake wa siku hizo: "Anayengoja mtu hana siku mbaya, ana siku ndefu."

Halafu siku moja mpagazi mmoja mzee alisimama, akautua mzigo wake, akasema bila kuulizwa mara ya pili, "Wa kidoti ninamjua. Mumewe ana chongo." Baba yangu alikuwa na chongo kweli. Yule mzee akasema wamo hai, wanakusanya wapagazi, watashuka mvua zikiisha. Bibi alimpa maji, akamrudisha kwenye maneno yale mara tatu, nami nikawa napimwa kila asubuhi kwenye mwimo wa mlango ili mama akija asije akashtuka kwa urefu wangu.

Ndio mwaka Wajerumani walipokuja na bendera yao na watu wa pwani wakaikataa. Meli zao za vita zikatia nanga mbele ya mji. Mizinga ilipolia mara ya kwanza, nilidhani paa limetuangukia. Watu wakaanza kuhama. Jirani yetu Bi Tatu, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja, alikuja na watoto wake wamefungasha vyungu, akasimama mlangoni.

"Bi Mwanaisha, twende. Utakaa na nani hapa?"

"Zainabu yuko njiani," Bibi akamjibu. "Akifika akute mlango umefungwa, ataulizia wapi? Mimi sitoki."

Bi Tatu alilia, akaenda. Mtaa wote ukaenda. Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kukaa mahali palipohamwa. Kuku waliosahauliwa walikuja barazani kututazama kama wanaotaka kuuliza jambo. Hapakuwa na mtwangio uliosikika, wala mtoto wa kunizomea. Nilijifunza kucheza kombolela peke yangu, nikijificha nyuma ya nyumba za watu na kungoja nitafutwe, na nilipochoka kungoja nilijitokeza mwenyewe. Bibi alinipa nusu ya muhogo, kisha akanisogezea na nusu yake akisema ameshiba. Kila nilipouliza lini tutaondoka alijibu vilevile: "Hatuondoki. Mama yako anakuja." Nami nikaacha kuogopa. Niliyaamini maneno yale kuliko ukuta.

Ndiyo maana sikuelewa nilipoamka siku moja nimelala kwenye nyumba nisiyoijua, moshi umejaa darini, na mwanamke mnene ananilisha uji kwa kibuyu. Tulikuwa Miono, kwa kaka yake Bibi, ndani sana ya nchi ya Wakwere. Bibi alikuwa amelala upande wa pili wa chumba, miguu imefungwa matambara.

"Tumefikaje?" nikamuuliza.

"Tumekimbia mizinga," akasema.

"Na mama?"

Aligeukia ukutani. Nilikuwa na miaka minane au tisa, na hilo nililiona wazi: Bibi aliogopa, akavunja ahadi. Tulikaa Miono msimu mzima, tukapanda na kuvuna, nami sikumwita mke mwenzangu hata mara moja.

Vita vilipotulia tulirudi. Nyumba yetu ilikuwa imeungua. Kuta nne nyeusi, na pale ulipokuwa mlango pamebaki kizingiti cha jiwe. Bi Tatu alikuwa amerudi kabla yetu. Alipotuona hakupiga vigelegele. Alikaa chini, akaweka mkono kichwani.

"Shoga yangu," akasema, "Zainabu alikuja."

Alikuja na mumewe, msafara wao ukiwa umepita njia za mbali kukwepa vita. Alikuta kuta. Wachache waliokuwapo walimwambia hakuna aliyebaki hai mtaa ule, maana ndivyo walivyodhani. Alikaa siku nne kwenye kile kizingiti, hataki kula, mpaka mumewe akamnyanyua, wakavuka kwenda Unguja. Bi Tatu aliyasikia hayo aliporudi, siku chache tu baada ya wao kuvuka.

Bibi alituma salamu kwa kila aliyevuka bahari. Jibu lilichukua miezi miwili. Lililetwa na mtu wa baba, kijana mwenye adabu aliyevua kofia kabla ya kusema. Ndui iliingia Unguja, Zainabu hakupona. Alikufa akiamini kwamba sisi tumemtangulia.

Bibi aliingia ndani, akasali rakaa mbili, akatoka, akaniita nije anisuke nywele. Nikasimama mbali naye, nikasema maneno ambayo nimeishi nayo tangu siku ile.

"Wewe ndiye uliyetutoa. Ungekaa, mama angetukuta. Wewe umemuua."

Kitana kilikuwa mkononi mwake. 

"Kweli, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyeondoka. Njoo, nywele zako zimefumuka."

Sikwenda. Nilikaa siku nyingi bila kumsemesha, na hata nilipoanza tena kusema, kilibaki kitu kati yetu kama kokoto ndani ya wali: unakula, lakini unatafuna kwa hadhari. Yeye hakubadilika. Aliisimamisha tena nyumba kwa mikono yake na ya Bi Tatu. Alinisomesha kwa mwalimu kwa kazi ya mikeka. Aliniozesha, na mwanangu wa kwanza, Fatuma, alipozaliwa mdogo kama njiwa, ni Bibi aliyemlea kifuani pake siku arobaini, akimwita mke mwenza kwa sauti ileile. Pembe za misafara zilipolia alikuwa bado ananyanyuka nusu, mkono umeshika ukuta, kisha anakaa tena. Nilikuwa namwona. 

Alifariki asubuhi ya kiangazi, mkeka haujakwisha mapajani mwake. Baada ya arobaini nilifunga safari ya Miono kupeleka habari, nikamchukua Fatuma, aliyekuwa na miaka minane. Kaka yake Bibi alikuwa amekwisha kufa. Nilimkuta mkewe, yule mwanamke mnene, sasa amepungua na macho yamefifia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule wa mgongoni?"

Nikamuuliza mgongoni mwa nani. Akashangaa. Akanikalisha chini akaniambia yale ambayo wote wa nyumba ile waliyajua isipokuwa mimi. Kule kwenye mtaa uliohamwa nilishikwa na homa. Siku ya tatu sikufumbua macho tena, wala sikumeza maji, na mji mzima haukuwa na mtu wa kunitazama. Bibi alinifunga mgongoni kwa kaniki yake akatoka, mtoto wa miaka minane, yeye mwanamke mzee. Alitembea siku tatu. Alivuka Ruvu kwa mtumbwi, akavuka Wami. Alifika miguu imepasuka, na ngozi ya mabega imetoka pamoja na nguo.

"Kaka yake alimuuliza, 'Na Zainabu, uliyeapa kumngoja?' Akasema, 'Zainabu ana mume wa kumtazama. Huyu ana mimi tu.' Akaanguka pale mlangoni."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Tulimuuliza. Mwaka uliofuata alikuja kuchukua mihogo, akatueleza yaliyotokea, na maneno uliyomwambia. Mume wangu alikasirika, akataka kushuka pwani akuelezee. Bibi yako alimkatalia. Akasema, 'Mtoto akijua kwamba ni homa yake iliyonitoa mjini, ataona yeye ndiye aliyemponza mama yake. Mwacheni anichukie mimi. Mimi ni mtu mzima, nitaweza.' Akatuapisha. Sasa amekufa, kiapo kimekwisha."

Watu husema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni na kudhani nalielewa, mimi niliyezaa mara nne. Siku ile nilielewa kwamba Bibi alikuwa na wana wawili, mmoja njiani na mmoja mkekani, na kwamba alichagua, akajua amechagua, akapoteza, na aliyebaki hai kwa uchaguzi ule akamwita muuaji. Akaitikia. Akaniita nije nisukwe nywele.

Tulipokuwa tunarudi, tumekwisha viacha vijiji vya Miono nyuma yetu, nilimwambia Fatuma apande mgongoni. Alicheka, akasema yeye si mtoto. Nikamsihi. Nikamfunga kwa nguo yangu, nikashika njia ya Wami. Nilikuwa kijana, nina nguvu, nimeshiba, na mtoto mwenyewe mzima ananishika shingo. Nilifika kwenye miti iliyoonekana mbele yetu, si mbali, nikashindwa kuendelea.

"Mama, umechoka?" Fatuma akauliza, kinywa chake sikioni mwangu.

Nikamtua. Tukakaa kando ya njia, hapana mtu mbele wala nyuma, na mto wa kwanza ulikuwa bado hauonekani.