Chumba cha Mama Mdogo

Tovuti ya kwanza yenye hifadhidata katika mtaa wetu niliileta mimi, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Sikusomeshwa na mjomba wala na serikali. Stashahada yangu ya kompyuta niliipata Afrika Kusini kwa jasho langu, mchana darasani, jioni nikilinda magari ya watu kwenye maegesho. Niliporudi Songea nilikuta kila mwenye chumba kinachotazama barabara amekigeuza duka. Huyu kafungua kibanda cha simu, yule anauza mitumba. Mimi nilifungua duka la intaneti kwenye nyumba aliyotuachia baba, kando ya barabara ya Njombe, nikasimika dishi juu ya bati. Watu walisimama njiani kulitazama.

Lakini duka halikunitosha. Nilitengeneza ubao wa matangazo wa watu wa kwetu walio mbali. Ukiwa Dar es Salaam au Ulaya, ulifungua ukurasa wangu ukajua nani anaoa, nani kafiwa, nani anamtafuta ndugu yake Maposeni, na hapohapo ukaandika jibu lako. Kwenye miji mikubwa kazi hiyo hugawiwa mashine kadhaa: moja ya kurasa, nyingine ya hifadhidata, nyingine ya nakala za akiba. Mimi nilikuwa na seva moja. Nikapanga kila kitu ndani yake, peke yangu, kwa programu za bure zilizokuwa kwenye CD nilizorudi nazo begini. Siku tangazo la kwanza lilipohifadhiwa na kurudi kwenye skrini likiwa kamili, nilipiga ukelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Mashine ikiwa moja, ikifa umekufa nayo. Vumbi ni adui, joto ni adui, na umeme wetu wa majenereta ulikuwa wa kukatika bila kuaga. Nilinunua betri za lori. Kisha nikatafuta mahali pa kuiweka, na katika nyumba nzima niliona chumba kimoja tu kinachofaa, chenye sakafu ya saruji, dari, na ukuta uliopakana na duka. Kilikuwa chumba cha wageni.

"Kile ni chumba cha mdogo wangu," alisema mama.

"Mama, si anakuja mara moja tu kwa mwaka?"

"Ndiyo. Anakuja."

Nikalichukua jibu hilo kuwa ruhusa. Kitanda nilikifungua nikakiegemeza stoo, dirisha nikalipigilia mbao kuzuia vumbi, mlango nikautia kufuli.

Mama mdogo aliishi Madaba. Kila mwaka baada ya mavuno, wakati wa baridi, aliteremka kwenye basi mbele ya nyumba yetu na gunia la viazi, akakaa wiki mbili tatu. Yeye na mama walilala kitanda kimoja mle chumbani, wakiongea Kingoni chini ya blanketi na kucheka mambo ambayo sisi watoto hatukuwahi kuambiwa. Mwaka ule alikuja kama kawaida.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Mbona chumba changu kina kufuli?"

Nilimfungulia aone. Alisimama mlangoni, akaitazama seva na taa zake ndogo za kijani.

"Huyu mgeni wako anakula nini?"

"Umeme."

"Na akiukosa?"

"Anapiga kelele."

"Basi ni kama marehemu mume wangu," alisema, na sote tukacheka.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimemlipia chumba kwenye gesti nzuri, ile wanayolala maofisa wa mkoa, yenye bafu ndani na maji ya moto. Nilimweleza kwa fahari, maana ni mtoto gani mwingine wa ukoo wetu angeweza kumlaza shangazi au mama yake mahali kama pale?

"Gesti!" Alimgeukia mama. "Dada, unasikia? Mimi mjane mwenye wajukuu, watu wa misa ya asubuhi wanione natoka gesti! Nitawaambia nimelala na nani?"

Mama alicheka, kisha akainama kuokota viazi vilivyodondoka kwenye gunia. Mimi nilicheka kuliko wote.

Alilala huko usiku mmoja. Asubuhi alikuja na kifurushi chake kimeshafungwa, akasema kuna maharage yanasubiri kupigwa. Nilimwambia chumba kimelipiwa wiki nzima. Akanishika shavu, akasema, "Umekuwa mtu mkubwa, baba," na akapanda basi. Miaka iliyofuata gunia la viazi lilikuja na kondakta, bila yeye. Mama alilipokea, akauliza hali ya barabara, akaingia ndani. Hakuwahi kunilaumu. Angenilaumu ningejibu, na majibu nilikuwa nayo mengi.

Simu ya kifo cha mama mdogo iliingia dukani. Tangazo nililiandika mwenyewe, na kabla hatujaondoka kwenda Madaba rambirambi zilikuwa zinamiminika, za watu wa Mbeya, wa Gaborone, hata wa nchi za baridi. Nilikaa na mama nikamsomea moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Waambie asante," alisema. Kisha, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu: "Ile mashine isingeweza kukaa mahali pengine?"

"Ingeweza," nilisema.

Tuliporudi kutoka mazikoni niliizima, nikaihamishia kona ya duka nyuma ya meza yangu, nikaizungushia wavu wa vumbi na kuiwekea feni. Nikaiwasha. Matangazo yote yalikuwapo, rambirambi zote pia, haikupotea hata herufi moja. Ilinguruma pale kama ilivyonguruma chumbani, na pale kwenye kona ilinitumikia miaka yake yote iliyobaki.

Jioni nilimkuta mama ameshakitoa kitanda stoo na kukiunga mwenyewe. Alikuwa anatandika shuka la maua. Aliweka mito miwili.

"Kuna mgeni, mama?"

"Hakuna. Nifungulie dirisha."

Nilikwenda kutafuta nyundo ya kung'olea misumari.