Kijana Aliyeletwa na Mama Yake

Fundi viatu aliacha pombe zamani, na kila Jumamosi alikaa na walevi katika chumba cha nyuma cha zahanati, akiwasikiliza na kuwashauri. Hakuwahi kukosa neno la kumwambia yeyote. Jumamosi moja akaingia mtalaka wake, aliyemkimbia enzi za ulevi wake, amemshika mkono kijana wao. Kijana alinuka pombe na macho yalikuwa mekundu.

"Kaa, mwanangu," fundi alisema.

Kijana akacheka kidogo. "Wewe ndiye wa kunifundisha kuacha? Si nilianza kuionja nikitumwa kukununulia?" Akageuka, akatoka akiyumba.

Watu wote wakainamisha vichwa. Mama wa kijana hakumfuata. Alivuta kiti kitupu akaketi, mkoba mapajani.

"Basi nishauri mimi," alisema. "Mimi ndiye ninayeishi naye."

Fundi akasogeza kiti chake karibu, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kijana huwa anampiga.

"Akilewa," mama akajibu. "Na siku hizi hapitishi siku bila kulewa."