Mama Mpira na Sikio la Fundi

Pikipiki inasikika kabla haijaonekana. Jua limeshakausha umande juu ya mabati, na nyuma ya kona kuna injini inayonguruma, inatulia kidogo, kisha inapaa yenyewe kama imeona nyoka.

Mwanamke aliyeketi kwenye kigoda mbele ya kibanda hanyanyui shingo kutazama barabarani. Anamtazama mumewe, aliye kwenye kiti cha mbao kando yake, shuka limefunika magoti. Mume amefumba macho. Anasikiliza. Kisha anauinua mkono wa kushoto na kubana vidole viwili.

“Mpira huo,” anasema mwanamke. “Ameshausikia. Haya, tumngoje mwenyewe.”

Mwenyewe ni muuza maziwa, jasho limemlowesha mgongo, madumu matupu yamefungwa nyuma ya pikipiki iliyozeeka.

“Mama, hili dude litaniua,” anasema. “Nikitaka lisimame, linakimbia. Nikitaka likimbie, linazima.”

“Usilizime. Shuka tu, pole na safari.”

Mtaani wanamwita Mama Mpira. Anachovya brashi kwenye maji ya sabuni na kuanza kupaka taratibu kuzunguka mpira mweusi, mfupi, unaounganisha kabureta na injini. Juu, hakuna kitu. Ubavuni, hakuna kitu. Brashi inapofika chini, mlio wa injini unabadilika ghafla.

“Hapo,” anasema mume. Neno moja, linatoka polepole, kama mzigo unaotuliwa.

Mpira huo ndio njia ya hewa na mafuta kuingia kwenye injini. Joto na miaka vikiukausha, hupasuka, na injini huanza kuvuta upepo usio na kipimo kupitia ufa, mpaka maji ya sabuni yauzibe kwa muda. Kwa pikipiki za zamani, kupata mpira mpya ni kama kutafuta sindano kwenye majani. Ndiyo maana watu huja hapa.

Kazi hii Mama Mpira hakuirithi wala hakuitafuta. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kiwandani, akibandika soli za viatu kwa gundi. Fundi wa pikipiki alikuwa mumewe, na mpaka leo anamwita hivyo: Fundi.

Miaka mitatu iliyopita, Fundi alianguka papa hapa kibandani, spana mkononi. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na kikaondoka na maneno yake yote. Mkewe aliacha kazi kiwandani ili amuuguze.

“Macho yalikuwa yake, lakini ukimwita, ni kama unaita nyumba iliyofungwa,” anasema. “Nikawa naongea peke yangu. Nampa habari za majirani, najibu mwenyewe, nacheka mwenyewe.”

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitaka amwone kila wiki, na alikuwa mbali. Mama Mpira akaikumbuka pikipiki ya mumewe, iliyokuwa imeegemezwa ukutani inakula vumbi. Aliwahi kufundishwa kuiendesha walipokuwa wachumba. Aliiwasha ikawaka, ikapiga kelele, ikafa. Mafundi wawili waliiangalia. Mmoja alisema kabureta imekwisha. Mwingine alisema pikipiki yenyewe ndiyo imekwisha.

Fundi alikuwa kitini, anawasikiliza. Walipoondoka akaanza kuhangaika. Midomo inabana, inaachia. “M… m…”

“Nikadhani anataka maji. Nikamletea maji, akayasukuma yakamwagika. Nikadhani anamtaka mama yake. Akalia kwa hasira. Mwisho akanivuta mkono kwa ule mkono wake mzima, akauelekeza kwenye ule mpira wa pikipiki, akalitoa neno: mpira.”

Anatikisa kichwa, kicheko kinamponyoka.

“Wenzangu waume zao wakipata fahamu huita wake zao. Wangu mimi aliita mpira.”

Kitini kwake, Fundi mabega yanamtikisika. Hadithi hii ameshaisikia mara nyingi, na kila mara humchekesha.

Mkewe aliufungua ule mpira, akauona ufa, na akili yake ikaenda moja kwa moja kwenye soli. Soli nayo si hukunjwa kutwa, hupigwa jua na maji, na gundi ikashika? Mara ya kwanza alifanya haraka, ukaachia siku hiyohiyo. Mara ya pili aliusafisha mpaka mafuta yakaisha, akaupasha kwenye maji ya moto ukalainika, akaufungua ufa na kuukwaruza kwa msasa, akajaza gundi ya soli, akauacha ukauke mpaka kesho yake. Ukashika.

Siku hiyo alimpakia mumewe nyuma, akamfunga kwake kwa shuka, kiuno kwa kiuno, kwa sababu mkono wa kulia haukuweza kushika kitu.

“Watu walicheka. Walisema, tazama, huyu amembeba mume kama mtoto. Nikawaambia, sasa nimwache, nani atambeba?”

Nyuma yake, anasimulia, alisikia kifua cha mumewe kikipanda na kushuka. Akadhani anaumwa, akasimamisha pikipiki. Kumbe analia kwa furaha ya upepo.

Waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kuleta pikipiki zao. Tangu hapo wawili hawa ni fundi mmoja: yeye mikono, mumewe masikio. Mpira uliochanika mpaka kwenye chuma kinachoufunga kwenye injini hawaupokei. “Huo nikikuzibia nitakuwa nimekudanganya,” Mama Mpira humwambia mteja, na humrudishia mkononi.

Wa muuza maziwa unapona. Ila kuna jambo.

“Njoo kesho,” anaambiwa.

“Kesho? Na wateja wangu wa jioni?”

“Gundi haijui wateja wako, baba. Ukiuchukua leo, kesho utarudi unasukuma.”

Muuza maziwa anamgeukia Fundi kutafuta msaada. “Mzee, msemeshe mkeo.”

Fundi anafikiri. “Ke-sho,” anasema, na wote watatu wanacheka.

Kesho yake pikipiki inawashwa. Injini inatulia, tuk-tuk-tuk, sawasawa. Fundi anafumba macho, anasikiliza kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha anaitikia kwa kichwa. Muuza maziwa anaushika mkono wake wa kulia kumshukuru, na vidole vya Fundi vinajikunja kidogo. Mkewe ameona. Anainama kuosha brashi.

Mvua zikiisha, wana safari. Mama mzazi wa Fundi ni mkongwe, anaishi mbali, hajamwona mwanawe tangu aanguke. Kwenye simu husikia pumzi tu na neno moja moja. Sasa Fundi hutembea kwa fimbo kutoka kitini mpaka barabarani na kurudi, jioni, mkewe akiwa hatua moja nyuma.

“Sitamfikisha mlangoni,” anasema Mama Mpira. “Nitaizima pikipiki kule chini, penye uzio. Nataka mama amwone anakuja kwa miguu yake.”

“Mbali,” anasema Fundi.

“Si mbali. Hata tukiingia na giza, nitakuwa nyuma yako.”

Fundi anaitazama barabara. Kisha anaunyosha mkono wa kushoto, anaomba fimbo.