Kidole Kinachokataa Gitaa Tu

Ndugu msimamizi, lifiche jina langu vizuri, kwa sababu wenzangu wa bendi wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na saba, mkazi wa Lubaga hapa Kampala, nina mke na watoto. Ninapiga gitaa la jazi, na ni mimi ninayeipangia bendi yetu muziki: naamua nani apige nini, na wapi.

Tangu mwaka jana, kidole cha pete cha mkono wangu wa kushoto hujikunja kuelekea kiganjani kila kinapogusa nyuzi. Hakiumi. Kinafunga vifungo vya shati, kinashika kikombe, kinafunga kamba za viatu vya mwanangu. Hukataa gitaa tu. Daktari mmoja wa Wandegeya aliniambia nikunje ngumi, niikunjue, kisha akacheka: "Mzee, mkono huu ni wa kulima!" Sikuwa nimekwenda na gitaa, naye hakuliulizia.

Basi nikajificha ndani ya kazi yangu. Kila palipohitaji kidole hicho, nilipaandikia tarumbeta au saksafoni. Wasikilizaji wakausifu mtindo mpya. Mpiga saksafoni wetu, dada wa Kikenya asiyejua kunyamaza, alinitania mbele ya wote: "Kaka, ukarimu huu umeutoa wapi? Zamani hukutuachia hata mahali pa kupumua!" Walicheka. Nami nilicheka nao.

Wiki iliyopita huyohuyo alitoa wazo, wote wakaliunga mkono: katika onyesho kubwa la Jumamosi ijayo, wimbo wetu wa zamani ufunguliwe kwa gitaa peke yake. "Sisi tutanyamaza," alisema. "Watu wana hamu ya kukusikia, kaka." Alisema kwa upendo, na ndiyo maana sikuweza kukataa.

Mke wangu anasema niwaambie. Lakini mpiga gitaa akishatamka kwamba mkono umemkataa, nani atamwita tena? Nilikuwa nikijipa moyo kwamba hata vidole vikiniacha, kupanga muziki kutabaki. Jana mchana niliketi kuandika ufunguzi huo. Kalamu ilikuwa katika mkono wa kulia. Wa kushoto ulilala mezani, gitaa likiwa ndani ya mkoba wake. Nilipozifikia noti za kidole hicho, kikajikunja chenyewe.

Nimeiacha karatasi palepale. Naogopa kuirudia. Ninyi mliowahi kugeukwa na mwili wenu kazini, nielekezeni: niwaambie wenzangu sasa, au nipande jukwaani Jumamosi nikimwomba Mungu?