Mstari wa Sabuni kwenye Kioo

Justa alikuwa mtu wa kushuku, na hakuanzia Korogwe. Miaka kumi na tatu alitunza stoo ya shamba la mkonge la Ngombezi. Kila jioni akishafunga mlango alipiga mstari wa chaki, nusu mlangoni, nusu kwenye fremu. Asubuhi mstari ukipishana, basi kuna mtu kaingia. Wezi wawili aliwanasa hivyo.

Shamba likauzwa, watu wakapunguzwa. Mwaka tisini na nane tunamkuta kwenye duka la Mama Hosiana, karibu na stendi ya Korogwe, akichapa barua za watu kwa kompyuta.

Siku moja Saning'o, mfugaji wa Handeni, aliandikisha barua ya kulalamikia malisho yaliyolimwa na wakulima. Baada ya siku mbili akarudi amekunja uso.

"Mama, sijatia hata dole gumba, na wale wakulima wananitania kwa maneno yaliyomo. Nani humu ana mdomo?"

Justa akamtupia jicho Mbwana, mtu wa fotokopi.

Tangu hapo, kila akienda kula alipiga alama kwenye kioo cha kompyuta, penye kona ya dirisha la ile barua, yaani fremu inayoionyesha, kisha akaifunga. Chaki haikushika; akatumia kipande cha sabuni. Akirudi, akifungua, dirisha limehama. Siku tatu, mara tatu! Akapeleka habari kwa Mama Hosiana, naye akasema Jumamosi Mbwana aondoke.

"Dada Justa," Mbwana alisema, "mashine hiyo hata kuiwasha siijui. Nasimama kule kwa muuza machungwa, unione. Funga, fungua mwenyewe."

"Unanifundisha kazi?"

Lakini alifunga, akafungua. Dirisha likakaa hatua moja chini, likisogea kulia. Akarudia: hatua nyingine. Lilipokaribia ukingo wa chini, likaruka kurudi juu kabisa. Mbwana yuko machungwani, mikono mfukoni.

Akajaribu programu nyingine, kubwa kuliko ile ya barua: ilifunguka pale pale ilipofungiwa, kama mtu anayejua kitanda chake. Ile ndogo ya barua haikumbuki ilikolala, basi mashine inaipangia nafasi, ikishuka kidogo kidogo ili dirisha la nyuma, kama lipo, libaki likichungulia.

"Kumbe ni yenyewe," alinong'ona. "Sasa maneno yalitokea wapi?"

Macho yake yakaangukia benchi la wateja. Saning'o hajui kusoma. Nani alimsomea barua mara mbili, mlango wazi, benchi limejaa, kwa sauti ile ya Ngombezi ya kushindana na mitambo ya mkonge?

Alifuta sabuni kwa upindo wa khanga, akaenda kwa Mama Hosiana kabla ya Jumamosi.

"Mbwana mwache," alisema. "Mwenye mdomo ni mimi."