Mfuga Mabuti

Kama ngazi za majengo zingehesabiwa, mzee huyu angekuwa ameukanyaga mlima mrefu kuliko yote duniani karibu mara mia tano. Hazihesabiwi. Na hilo ndilo lililomla moyo kwa miaka kumi na tisa.

Kazi yake ukiisikia utacheka, na wengi walicheka. Chini ya jengo moja la ghorofa kumi na mbili kulikuwa na duka la vifaa vya kupandia milima, ile mikubwa ya nchi za mbali ambayo barafu yake haiyeyuki. Buti jipya la kazi hiyo ni gumu kama ubao, tena lina hasira: lisipovaliwa kwanza huku chini, litamchubua mwenyewe huko juu mpaka ashindwe kusogea. Wateja wa duka walikuwa watu wa shughuli nyingi, hawana mwezi mzima wa kuumwa visigino. Basi duka likamwajiri yeye, mwenye mguu namba arobaini na tatu, awavalie. Kazi hiyo waliiita kufuga buti. Wenye miguu midogo walijifugia wenyewe.

Kila asubuhi alivaa soksi mbili mbili, akabeba mgongoni begi lenye kilo kumi na tano za mchanga, akaanza safari. Mara ishirini kwenda juu, mara ishirini kurudi. Alishapiga hesabu: kwa mwendo huo, kila baada ya wiki mbili alikuwa amefika kileleni. Siku ya kufika alivua kofia ghorofa ya kumi na mbili, akasimama kidogo mbele ya matangi ya maji, kisha akashuka.

"Mzee, lifti ipo!" walimtania makarani wa ghorofa ya nne.

"Ipo, lakini haifiki ninakokwenda."

Hata kushuka hakuitumia. Tajiri wake alimsihi mara nyingi ajionee huruma, buti limeshapata mazoezi yake wakati wa kupanda. Akagoma. Mlimani hakuna lifti ya kurudi nayo, alisema, na anayeutaka mlima hachagui upande. Ulikuwa ubishi mtupu, lakini nani angemwambia akasikia?

Nyumbani alikuwa na picha ya mlima wenyewe, aliyoikata kwenye kalenda kuukuu na kuibandika ukutani, upande wa miguuni mwa kitanda.

"Chumba hiki tunalala watatu," mkewe alikuwa akilalamika. "Na huyo wa tatu hata kutandika kitanda hatandiki."

"Mama watoto, siku moja nitakwenda."

"Nenda basi, ukirudi uniletee barafu. Friji letu limechoka."

Alicheka naye, kisha akaigeukia picha. Alitamani. Hakuna neno jingine la kusema. Alitamani mpaka akaona haya, maana alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu.

Halafu bahati ikabisha hodi. Wakili mmoja, mteja wa siku nyingi, alikuwa anakwenda na wenzake kwenye mlima huo huo. Zikiwa zimebaki wiki sita, mtunza vifaa wa msafara akajitoa. Wakili alikuja dukani kuchukua mabuti yake yaliyokwisha kufugwa, akamgeukia mzee.

"Mzee wangu, twende wote. Utatutunzia vifaa kambi ya chini. Huko mbele tutaona."

Mzee hakusikia kambi ya chini. Alisikia huko mbele tutaona. Mkewe, yule yule wa mizaha, alimfumia kofia ya sufu na kuimaliza kwa siku tatu.

Kilibaki cheti cha daktari tu. Mzee hakuwa na wasiwasi, kwani kifua chake kilikuwa cha kijana. Daktari alisikiliza kifua akakisifu, akapima moyo akausifu. Kisha akashika goti la kulia, akalikunja na kulikunjua, akaagiza lipigwe picha. Picha ilipoletwa aliishika mbele ya dirisha.

"Mzee, umepanda milima miaka mingapi?"

"Sijapanda hata kilima, daktari. Ngazi tu."

"Kupanda na kushuka?"

"Na kushuka."

"Na mzigo?"

"Na mzigo."

"Basi ni huko kushuka. Kushuka na mzigo ndiko kunakomaliza magoti. Ungekuwa unashuka kwa lifti, leo ningekutilia sahihi. Sasa siwezi. Ukikwama kule, hakuna mwenye nguvu za kukubeba."

Miaka yote hiyo aliupanda mlima kwa heshima, juu na chini, bila kuuibia hata ngazi moja, na heshima hiyo ndiyo iliyomfungia mlango. Alikaa kwenye benchi la hospitali mpaka mfagiaji akamwomba ainue miguu.

Msafara ukaondoka bila yeye. Tajiri akamweka kaunta auze kamba na glavu. Hapo alihesabu siku: leo wamefika kambini, leo wameingia kwenye barafu. Nyumbani mkewe aliacha mizaha kabisa, na hilo lilimuumiza kuliko goti.

Baada ya miezi miwili wakili akaingia dukani, amekonda, ngozi ya pua imebambuka. Alikuwa amefika kileleni. Watu wakapiga makofi, wakampa mikono. Mzee alisubiri wamalize, akamvutia kiti.

"Pole na safari, mwanangu. Mabuti je?"

"Hayakunichubua hata kidogo. Mzee, wewe ndiye uliyenifikisha."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Sifa ilikuwa nzuri, ila siyo aliyoingojea miezi miwili.

"Ulikaa muda gani pale juu?"

Wakili akafikiri. "Dakika nne, labda tano. Nilipiga picha, mikono ikaanza kufa ganzi. Kusema kweli sikuangalia sana. Nilikuwa nawaza kushuka tu."

Machozi yakamjaa mzee machoni, wala hakuyaficha. Wakili aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Mimi ningeangalia," mzee alisema. "Mwanangu, mimi ningeangalia."